Mzunguko au taa? Kwanza jua magari yanakata kona wapi

Mkuu mleta mada, umesema makutano yenu yana pande nne: barabara kubwa moja inakatwa na ya kati. Asubuhi na jioni kuna foleni, na ajali za kupigwa ubavuni haziishi. Kamati imegawanyika, wengine wanataka taa, wengine mzunguko, yaani kipilefti. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kuhesabu magari na kusanifu makutano, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Msimamo wangu nautoa mapema: mahali ambapo watu wanaumia kwa kupigwa ubavuni, mimi naanza na mzunguko, kisha nautaka msongamano wenyewe unionyeshe kwa nini haufai. Makutano ya kawaida ya pande nne yana sehemu 32 ambapo njia ya gari moja inakutana na ya jingine. Mzunguko wa njia moja, yaani ambao magari yanazunguka kwa mstari mmoja, una 8 tu. Lakini hata idadi hiyo siyo jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni mwendo na pembe. Kwenye taa, ajali mbaya hutokea pale mmoja anapokimbilia njano inayokwisha huku mwingine ameshaachiwa kijani. Wote wawili wako kwenye kasi ya barabarani, na mmoja anampata mwenzake mlangoni, pale ambapo kati ya abiria na chuma hakuna kitu. Mzunguko uliochorwa vizuri humlazimisha kila dereva apinde, kwa hiyo anaingia kwa kilomita 30 kwa saa au karibu na hapo, na wakigusana wanagusana kwa mshazari. Nguvu ya mgongano hupanda kwa mraba wa mwendo: gari la kilomita 60 kwa saa lina nguvu mara nne ya lile lile likiwa kwenye 30. Marekani walichunguza makutano zaidi ya 20 yaliyogeuzwa kuwa mizunguko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Ajali zote kwa jumla zilipungua kwa takriban asilimia 40, na zile za kujeruhi kwa takriban robo tatu. Mengi ya makutano hayo hayakuwa na taa kabla, yalikuwa na alama za kusimama, kwa hiyo usizichukue asilimia hizo kama ahadi kwa mahali penu. Mwelekeo wake ndio wa kuuamini.

Sasa nije kwenye sababu ya mzunguko kushindwa, maana hushindwa, na unaposhindwa haumsaidii mtu.

Dereva anayeingia kwenye mzunguko anasubiri mwanya. Anahitaji kama sekunde 4 au 5 za nafasi tupu ndipo aingie, na mwanya ukiwa mrefu, wa nyuma yake wanafuata kila mmoja kwa takriban sekunde 3. Kwa hiyo uwezo wa kila mlango, yaani mahali barabara moja inapoingia kwenye duara, unategemea magari yanayopita mbele yake. Kwenye mzunguko wa njia moja, yakipita 400 kwa saa mbele ya mlango wako, mlango huo bado unaweza kuingiza kama 900. Yakipita 1,000, unabaki na kama 500. Na wingi siyo tatizo pekee, mpangilio nao una neno. Nimewahi kusimama asubuhi kwenye mzunguko mmoja ambako karibu magari yote ya upande mmoja yalikuwa yanazunguka kuelekea njia moja ile ile ya kutokea. Mkondo ule ulikuwa hauna pengo. Ulipita mbele ya mlango wa pili kama kamba inayovutwa, na dereva wa kwanza kwenye mlango huo alikuwa anasogeza bampa kidogo, anasimama, anasogeza tena, nyuma yake foleni inapanda kilima. Wakati huo huo milango miwili mingine ilikuwa karibu tupu. Ukijumlisha magari yote, mzunguko ule ulikuwa na nafasi ya kutosha. Ukiangalia mlango mmoja mmoja, ulikuwa umekufa.

Ndiyo maana nasema hesabu ya jumla ya magari kwa siku haitoshi. Inasaidia kwa makadirio ya awali tu: mzunguko wa njia moja huwa unamudu hadi magari 20,000 hivi kwa siku, wakati mwingine 25,000. Unachohitaji ni karatasi inayoonyesha, kwa kila upande, wangapi wananyoosha, wangapi wanakata kushoto, wangapi wanakata kulia, kila robo saa. Bila karatasi hiyo, huo ni ubishi wa ladha.

Na taa je? Watu hudhani taa huongeza uwezo. Taa hugawa muda, na kila zinapobadilika kuna sekunde zinazopotea: za njano, za nyekundu kwa pande zote, na za dereva wa mbele kushtuka na kuondoka. Chukua sekunde 4 kwa kila awamu, yaani kila zamu ya kijani. Sasa fikiria duru, yaani zamu zote zikipita mara moja, ya sekunde 90 yenye awamu 4, kila upande ukipewa zamu yake peke yake, kama mnavyoona mara nyingi. Sekunde 16 zimeshapotea. Zilizobaki 74 zigawe kwa nne, kila upande unapata 18 na nusu. Njia moja ikiwa na kijani muda wote inaweza kupitisha magari kama 1,800 kwa saa. Kwa kijani cha sekunde 18 na nusu katika kila 90, inapitisha 370 tu. Linganisha na zile 900 za juu. Ili taa za awamu 4 zifanye kazi mahali penye magari mengi, lazima upanue kila upande uwe na njia mbili au tatu zinazokaribia makutano. Kwa hiyo anayesema taa hazihitaji ardhi hajaangalia nyuma ya mstari wa kusimama. Mzunguko hula ardhi kwenye pembe nne, taa hula ardhi kwenye urefu wa barabara.

Taa zikiwa za awamu 2, pande zinazotazamana zikiachiwa pamoja, kwa sababu wanaokata kuvuka mkondo unaowajia ni wachache, hesabu hubadilika kabisa na taa huwa nzuri sana. Ndiyo sababu narudia: jua nani anakata kona wapi.

Kuna pingamizi ambalo hutokea kila mara, kwamba mizunguko imejaribiwa na ikakwama. Mingi iliyokwama ilikwama kwa sababu ya kanuni. Zamani sehemu nyingi gari linaloingia ndilo lililokuwa na haki ya kupita, kwa hiyo walio ndani wanasimama kuwapisha wanaoingia, wanaoingia wanawaziba wanaotaka kutoka, na kila kitu kinajifunga. Uingereza iligeuza kanuni mwaka 1966: anayeingia ampishe aliye ndani. Mhandisi Frank Blackmore ni miongoni mwa waliosukuma jambo hilo, na baada ya hapo ikawezekana kujenga mizunguko midogo inayopitisha magari mengi. Ule mduara mkubwa unaozunguka Arc de Triomphe mjini Paris bado unampa haki anayeingia, na kila aliyepita hapo anajua hali yake. Kwenu, kama madereva hawaiheshimu kanuni ya kumpisha aliye ndani, fanyeni kazi hiyo ya michoro ya barabarani, alama na usimamizi kabla ya kumwaga zege.

Jambo jingine la namna hiyo ni askari kuongoza mzunguko kwa mkono. Akiruhusu upande mmoja kwa dakika tatu nne, magari yanajaa kwenye duara, yanaziba njia ya kutokea, na mzunguko unakuwa taa zenye duru ndefu kupita kiasi. Kama hali inafikia kuhitaji askari kila siku, dawa ni kuweka taa ndogo ya kudhibiti mlango mmoja, ule wenye mkondo usio na pengo. Taa hiyo inawaka saa za foleni tu, inauzuia mkondo kidogo, na mlango ulioonewa unapata mwanya. Australia wanafanya hivyo. Ule mzunguko wa kilimani niliousimulia ungepona kwa dawa hii bila kubomolewa.

Waenda kwa miguu wanastahili nafasi kubwa kuliko wanayopewa kwenye mijadala hii. Mzunguko wa njia moja ni rafiki kwao, ukichorwa sawa: kivuko kinarudishwa nyuma kiasi cha urefu wa gari moja kutoka kwenye duara, kuna kisiwa katikati ya barabara, na mtu anavuka mkondo mmoja, anapumzika, anavuka wa pili. Kila mara anatazama upande mmoja tu. Mimi huomba pia kivuko kiinuliwe kama tuta pana, maana dereva anayetoka kwenye mzunguko huwa ameanza kukanyaga mafuta na macho yake yako mbele.

Mzunguko wa njia mbili ni habari nyingine. Gari la njia ya karibu linasimama kumpisha mtoto, mtoto anatoka, na gari la njia ya pili halimwoni kwa sababu limezibwa na lile lililosimama. Nimeona jambo hilo likikosa kuua kwa kiasi cha hatua moja, na tangu hapo sikubali kivuko cha wanafunzi kwenye njia mbili zisizo na taa. Kwa mtu asiyeona, shida ni kubwa zaidi: yeye huvuka kwa kusikiliza, na kwenye mzunguko wenye magari mengi sauti haikatiki, hajui gari linazunguka au linatoka. Taa yenye mlio au kitufe kinachotetema humpa zamu ya uhakika. Kama hapo kwenu kuna shule kubwa, soko au kituo cha mabasi, na watu wanavuka kwa mamia, taa zinaweza kushinda hata kama hesabu ya magari inaupendelea mzunguko. Mimi ningezichagua bila kusita.

Kwa sababu hiyo hiyo, msijenge njia mbili leo kwa ajili ya magari ya miaka ishirini ijayo. Njia ya pili huleta mwendo zaidi na kugongana kwa wanaobadilisha njia ndani ya duara. Jengeni njia moja, acheni ardhi. Waholanzi, walipohitaji uwezo zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1990 walibuni mizunguko ambayo dereva huchagua njia kabla ya kuingia na kingo ndogo humzuia kuhama akiwa ndani. Huo ni mfano wa kuiga kuliko duara pana lisilo na mistari.

Mengine nitayataja kwa kifupi. Malori marefu yanahitaji ukingo mpana wa kupandia kuzunguka kisiwa cha katikati, wenye sakafu ya rangi au mawe tofauti ili magari madogo yasiufanye barabara. Umeme ukikatika, mzunguko unaendelea. Usiku wa manane, mzunguko haumsimamishi mtu bila sababu. Kama makutano yenu yako katikati ya mfululizo wa taa zilizopangwa kuwaka kijani kwa kufuatana, mzunguko utauvunja msafara huo, na hapo taa zina haki. Na foleni ya makutano ya jirani ikirudi nyuma hadi kwenu, hakuna mnachoweza kujenga hapo kitakachosaidia. Tatueni la jirani kwanza.

Kabla ya kikao kijacho, tafuteni vijana wanne, mmoja kila upande, wahesabu siku ya kawaida ya kazi, kwa muda wa saa mbili asubuhi na nyingine mbili jioni, kila robo saa peke yake, wakitenganisha malori na pikipiki, na wa tano ahesabu wanaovuka kwa miguu. Pimeni pia nafasi iliyopo kutoka ukuta hadi ukuta kwenye pembe. Mzunguko wa njia moja unaopitisha malori marefu huhitaji duara la mita 35 hadi 45 hivi, na ule mdogo kabisa, wenye kisiwa cha kupandika, unaweza kukaa kwenye mita 20 na kitu. Ukiweka hapa hesabu hizo, nitazipitia mlango kwa mlango na nitakuonyesha upande gani utakwama kwanza, kwa mzunguko na kwa taa.