Mkuu wa Shule Anataka Virimoti 50

SWALI: Shikamoo Mama. Nafundisha fizikia kidato cha pili katika shule moja ya serikali hapa Mbale. Nina wanafunzi 84, wanakaa watatu watatu kwenye dawati. Wazazi wamechanga fedha, na mkuu wa shule anataka tununue virimoti 50, vile ambavyo mwanafunzi anabonyeza jibu na hesabu ya darasa zima inatokea ukutani kwa projekta. Umeme wetu hukatika mara kwa mara, na wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu. Mwenzangu naye anasema Kahoot, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni, ndiyo bora. Nimuunge mkono nani? – Mwalimu wa fizikia, Mbale

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimuunge mkono yeyote kati yao kwa sasa. Kahoot, iliyotoka Norway mwaka 2013, inataka kifaa mkononi mwa kila mtoto au angalau kila kikundi, na kwa kawaida humpa alama nyingi zaidi anayejibu haraka. Kwenye fizikia mimi namtaka anayefikiri, hata akichelewa. Virimoti navyo vinakula betri, vinategemea kompyuta na projekta, na 50 kwa watoto 84 maana yake ni ugomvi kila kipindi.

Ila wazo la mkuu wako ni zuri mno, usiliache life. Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, alianza kufundisha kwa njia hii mwaka 1991, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa vizuri lakini walishindwa maswali mepesi ya maneno. Utaratibu wake ni huu: unauliza swali, kila mtu anafikiri peke yake na kupiga kura, kisha anajadiliana na jirani, halafu wanapiga kura tena. Mwaka 2008 Nathaniel Lasry wa Kanada alichapisha ulinganisho wa darasa lililotumia virimoti na lililotumia kadi za kuinua juu. Kujifunza kulikuwa sawasawa. Mwonyeshe mkuu wako hilo kabla hajalipa.

Sasa kazi yenyewe. Kata maboksi, kila mtoto apate kadi nne, A, B, C na D. Swali liwe la kufikirisha, siyo la kukariri. Mathalani: lori la saruji limegongana uso kwa uso na taksi kwenye barabara ya Tororo. Nani amemsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? A, lori. B, taksi. C, nguvu ni sawa. D, taksi haikusukuma kabisa. Wape dakika moja ya kimya. Kimya kweli, hata wewe usitembee kati ya madawati. Kisha kadi zije kifuani kwa pamoja, zisiinuliwe juu ya kichwa, maana wa nyuma watamwiga mwerevu wa mbele.

Utaona A zimejaa. Usitoe jibu! Hapo ndipo walimu wengi wanapoharibu, wanaona kosa wanakimbilia ubao. Ikiwa waliopata ni kati ya asilimia 30 na 70 hivi, waambie kila dawati libishane. Wakiwa chini ya hapo, dokeza kidogo au fundisha upya; wakizidi, eleza kwa ufupi usonge mbele. Na waache wabishane kwa Lumasaba, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote inayowatoka haraka, mradi jibu la mwisho lije kwa Kiingereza cha mtihani. Katika darasa moja Jinja nilimwona binti akiweka kiganja chake kwenye kiganja cha mwenzake mnene, akamwambia, "Sukuma. Unasikia mkono wangu na wewe?" Yule mwenzake alinyamaza, akageuza kadi yake kutoka A kwenda C. Kilichobaki kwa mwalimu kilikuwa kueleza kwa nini taksi ndiyo inayopondeka: nguvu ni ile ile, lakini tungamo lake ni dogo, hivyo mwendo wake hubadilika ghafla zaidi.

Kura ya pili ndiyo uitolee simu yako. Kuna programu ya Plickers. Unachapisha kadi zenye michoro ya weusi na weupe, kila upande wa kadi ni herufi moja, na mtoto anaishika jibu lake likiwa juu. Unapitisha kamera ya simu darasani, inasoma kadi zote. Seti ya kawaida ina kadi 40. Wewe una madawati 28, kwa hiyo kadi moja kwa dawati inatosha na nyingine zinabaki akiba. Gundisha karatasi kwenye manila, usizipake plastiki inayong'aa kwa sababu mwanga huizuia kamera. Gharama yako ni uchapishaji na bando.

Jambo moja nakusihi: kura hizi zisiingie kwenye ile asilimia 20 ya alama za mwisho inayotokana na kazi za shuleni katika mtaala mpya wa Uganda ulioanza 2020. Mtoto akijua herufi yake inaandikwa, ataacha kuwaza na kuanza kuchungulia.

Fedha za wazazi? Maboksi, manila, wino wa printa, na zinazobaki mnunue betri ya sola ya kuchajia simu.

SWALI: Mama, wasichana wangu hawainui mkono hata wakijua. Kadi zitasaidia? – Mwalimu, Arua

JIBU: Zitasaidia, kwa sababu kila mtu anajibu kwa wakati mmoja na hakuna anayesimama peke yake. Herufi kwenye kadi za Plickers zimeandikwa ndogo sana, jirani hawezi kuona amechagua nini. Ila matokeo ukiyaonyesha ukutani, ficha majina. Baada ya kura usiulize "nani kachagua B?" Uliza, "Mtu aliyechagua B huenda aliwaza nini?" Hapo yeyote anaweza kusema, hata yeye mwenyewe.