Kidani cha jino la papa: uliza kwanza jino limetoka wapi

Mafundi wanaotaka kuanza kutengeneza vidani vya meno ya papa hapa Lamu huniuliza bei. Mimi huwauliza jino limetoka wapi. Ukishamwambia mteja kwamba kidani chake kinasaidia bahari, hilo ndilo swali litakalokusitiri au kukuumbua.

Ninayotumia ni visukuku, yaani meno yaliyogeuka mawe. Papa hudondosha maelfu ya meno maishani mwake, na kwa kuwa hana mifupa ila gegedu, ambayo huoza upesi, meno ndiyo hubaki mchangani. Huko hunywa madini kwa mamilioni ya miaka, yakawa meusi, ya kijivu au ya hudhurungi. Yangu huokotwa na jamaa yangu ufukweni Venice, Florida, ambako sheria ya jimbo haidai kibali kwa meno ya papa ya kale. Kenya ni habari nyingine: visukuku vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Ukiokota huku kwetu, peleka makumbusho, usitie kwenye waya.

Wavuvi nao huniletea mabichi, meupe pepepe. "Twaa, fundi, haya hutupwa tu." Ni kweli: nyama hukaushwa, maini hutoa sifa, yaani mafuta ya kupaka majahazi, meno hayana mwenyewe. Lakini jino likishapata bei, taya nayo itapata, na keshokutwa papa mchanga asiyetosha hata kitoweo atavuliwa kwa ajili ya kinywa chake. Papa huchelewa kukomaa na wengi wao huzaa wachache. Kwa hiyo sipokei, hata ya bure. Wapo wanaosema nina kiburi. Na waseme.

La kale utalijua kwa uzito, na ubaridi wake ukiligusisha shavuni. La plastiki hupata joto upesi mkononi, na mara nyingi ukilimulika utaona viputo ndani.

Kwenye kazi yenyewe, epuka kutoboa mzizi. Una vitundu vingi, na hupasuka ghafla keekee inapokaribia kutokea upande wa pili. Mimi huzungusha waya wa fedha mara mbili chini ya mabega ya mzizi, nikaubana kwa koleo yenye mdomo mwembamba. Ukilazimika kutoboa, loweka jino, enda polepole, funga pua na mdomo. Vumbi lile si la kuvuta. Kingo za meno mengine zina misumeno midogo ambayo mpaka leo inakwaruza ngozi. Usiipige msasa! Masonara wetu wanaotia vigae vya sahani za kale kwenye pete hukifuata kigae kilivyo, na jino lifuate vivyo hivyo.

Sasa pesa. "Sehemu ya mapato huenda kwenye uhifadhi": maneno haya siyaamini, hata yakiandikwa kwenye duka la vioo Malindi. Sehemu gani, na kwa nani? Andika kwenye kadi kiasi kwa shilingi na jina la kikundi. Mimi nimechagua vijana wanaopanda mikoko, kwa sababu naweza kwenda kwa miguu maji yakitoka nikaona miche imeshika au imekufa. Mwenyekiti akikuficha daftari, tafuta kikundi kingine. Ujumbe wa M-Pesa uchapishe, uubandike dukani kila mwezi, ila futa kwanza namba ya mweka hazina, la sivyo atapigiwa simu na kila mpita njia.