Jikoni padogo: anzia sakafuni kabla ya kununua kabati

Majiko ya nyumba nyingi za kupanga hapa Dar es Salaam yalijengwa bila kufikiria vitu vitatu ambavyo karibu kila familia inavyo: maji ya akiba, mtungi wa gesi na nafaka. Mjenzi huweka sinki, dirisha na meza ya zege, kisha mpangaji ndiye anayehangaika kutafuta mahali pa ndoo za lita 20, mtungi wa kilo 15 na mchele ulioletwa na ndugu kutoka Kyela. Kwa hiyo mtu anaponiuliza anunue kabati gani kwa ajili ya jiko lake finyu, humwomba kwanza atazame vilivyosimama sakafuni.

Maji ndiyo yanayokula nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Mimi akiba yangu nimeihamishia bafuni, kwenye pipa lenye mfuniko, na jikoni nimebakiza ndoo moja tu yenye bomba, iliyowekwa juu ya stuli pembeni mwa sinki. Mabadiliko hayo peke yake yalinipa ukuta mzima ambao hapo awali haukufikika.

Mtungi wa gesi una masharti yake, na hapa naomba tusifanye mzaha. Wengi hupenda kuuficha kabatini ili jiko lipendeze, lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutuama chini, na kabati lisilo na matundu huikusanya humo humo. Uache mtungi usimame wima mahali penye hewa, mpira wake usipite karibu na moto, na kama unataka kutumia nafasi iliyo juu yake, weka rafu nyembamba ukutani, kwa kimo ambacho bado kinakuruhusu kufunga koki bila kuinua kitu.

Nafaka ni suala la kiasi zaidi ya vyombo. Katika joto na unyevu wa pwani, unga uliokaa muda mrefu hupata wadudu hata ukifunikwa vizuri, kwa hiyo familia ndogo haina sababu ya kuweka gunia jikoni wakati duka lipo hatua chache. Nunua kidogo kidogo, na uhifadhi kwenye makopo ya pembe nne yenye mifuniko ya kubana. Kopo la duara likiwekwa ndani ya mraba unaolitosha huacha wazi zaidi ya asilimia 20 ya eneo, na katika rafu fupi hasara hiyo huonekana mara moja.

Sakafu ikishaachwa huru, ndipo ukuta unapoanza kazi. Bibi zetu walilijua jambo hili vizuri: ungo, kawa na kifumbu vilitundikwa, na mbuzi ya kukunia nazi ilikunjwa ikaegemezwa ukutani. Fimbo ya chuma ya pazia pamoja na ndoano chache hubeba upawa, chujio, mwiko na ubao wa kukatia. Omba ruhusa ya mwenye nyumba, kisha fundi atoboe kwa drili na kutia plagi za plastiki, kwa kuwa misumari inayopigwa kwa nyundo hubomoa plasta, na ikilegea huanguka pamoja na vyombo. Usitundike chochote juu ya moto, ambako mafuta na mvuke hugandia na mkono hulazimika kupita juu ya sufuria inayochemka.

Kuhusu kipi kikae wapi, namheshimu sana msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, ambaye mwaka 1926 alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, lenye upana usiofika mita mbili. Alichunguza hatua za mpishi, akaweka kila kitu karibu na kazi yake, na unga, mchele na sukari vikapewa droo zenye majina. Kwetu maana yake ni kwamba chumvi, mafuta na kiberiti vikae unapopikia, sabuni na dodoki vikae sinkini, na kisu kisivuke chumba kukifuata kitunguu.

Sufuria zetu zisizo na mikono ni neema, kwa sababu saba huingiana zikachukua nafasi ya moja. Vikaango vyenye mikono mirefu ndivyo vya kutundikwa. Mifuniko isimamishe wima, mmoja nyuma ya mwingine, kwenye kichanja cha sahani. Hotipoti, sahani za wageni na sufuria kubwa ya pilau, ambavyo hutoka siku za sikukuu na shughuli, havina haja ya kukaa jikoni kabisa: vyangu viko juu ya kabati la nguo chumbani, hotipoti zikiwa ndani ya hiyo sufuria, zimefunikwa kwa kitambaa ili vumbi lisiingie.