Huduma ya Kwanza na CPR kwa Wanafunzi wa Sekondari: Tuwafundishe kwa Mikono

Katika shule zetu za sekondari huduma ya kwanza si jambo geni. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa mada za mwanzo za Baiolojia ya kidato cha kwanza, na mwanafunzi yeyote makini anaweza kukutajia vifaa vya kisanduku cha huduma ya kwanza na kazi ya kila kimoja: bandeji, pamba, mkasi, glovu, dawa ya kusafishia vidonda. Huviandika kwa Kiingereza, hupata alama zake, na mada huishia hapo. Siku mwenzake akianguka wakati wa mchakamchaka, yule yule aliyepata alama zote husimama na kutazama pamoja na wengine, kwa sababu hajawahi hata mara moja kupiga magoti kando ya mtu na kuweka mikono yake mahali panapotakiwa. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia mkoani Mwanza na mlezi wa klabu ya Msalaba Mwekundu shuleni, na ushauri wangu kwa walimu wenzangu ni huu: fundisheni mambo machache, kwa vitendo, kwa Kiswahili, na myarudie kila mwaka.

Machache hayo yachaguliwe kutokana na ajali ambazo wanafunzi wenu hukutana nazo kweli. Kwetu ni kuzama ziwani, kuungua kwa uji au maji ya moto jikoni, ajali za bodaboda, kifafa, kupaliwa na chakula, na kuumwa na nyoka msimu wa kulima. Wanafunzi wa Mwanza na Ukerewe hawahitaji kuelezwa kwamba ziwa linaua. Majina ya MV Bukoba ya mwaka 1996 na MV Nyerere ya mwaka 2018 wameyasikia majumbani mwao tangu wakiwa wadogo. Shule iliyo kando ya barabara kuu itaweka mbele kuvuja damu na mifupa iliyovunjika, na shule ya bweni yenye jiko la kuni itaweka mbele majeraha ya moto.

Kabla ya kufundisha lililo sahihi, waulizeni wanafunzi kwao hufanywa nini, na wapeni muda wa kutosha kujibu. Mtasikia kwamba aliyeungua hupakwa dawa ya meno, asali, majivu au ute wa yai. Aliyeshikwa na kifafa hutiwa kijiko katikati ya meno. Anayetokwa na damu puani huinamishwa kichwa nyuma. Aliyekunywa mafuta ya taa hunyweshwa maziwa ili atapike. Aliyezama hushikwa miguu juu na kichwa chini ili maji yatoke tumboni. Msiyacheke mambo hayo. Aliyemfundisha mtoto ni bibi yake au baba yake, tena kwa upendo, na mwanafunzi akiona mwalimu anawadharau wazazi wake atafunga masikio yake. Elezeni sababu badala ya kukemea. Aliyeungua anahitaji kupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na pasipo na bomba, mtu mmoja achote kwa jagi kutoka kwenye ndoo na kumwagia taratibu. Dawa ya meno huganda juu ya jeraha na kumpa muuguzi kazi ya kulikwangua. Mwenye kifafa hawezi kumeza ulimi wake, lakini kijiko chaweza kumvunja meno. Aondolewe vitu vya hatari karibu yake, awekewe nguo laini chini ya kichwa, na mshituko ukiisha alazwe ubavu. Mshituko ukizidi dakika 5, ni hospitali. Anayetokwa na damu puani ainame mbele na kubana pua kwa dakika 10 bila kuachia. Mafuta ya taa yanapotapikwa huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo madhara yanapokuwa makubwa.

CPR, yaani kukandamiza kifua na kupuliza pumzi kwa mtu ambaye moyo wake umesimama, ndiyo inayohitaji muda mwingi zaidi, na ndiyo inayofundishwa vibaya zaidi pale inapochorwa ubaoni. Sanamu ya mazoezi inayotumika duniani kote ilitengenezwa mwaka 1960 na Åsmund Laerdal, mtengenezaji wa midoli wa Norwe, lakini bei yake shule nyingi haziiwezi. Sisi huchukua begi la shule, tukaweka ndani yake chupa tupu ya maji ya lita 1.5 ikiwa imefungwa kifuniko vizuri, tukaizungushia masweta mpaka begi likabane. Ukikandamiza, chupa hubonyea na kurudi juu, na mkono huanza kuelewa ni nguvu kiasi gani inahitajika. Begi hilo liwekwe sakafuni, kamwe lisiwekwe juu ya godoro la bweni, kwa kuwa godoro humeza nguvu yote na kifua hakishuki. Na wanafunzi wasikandamizane vifua wao kwa wao hata kwa mzaha, maana kukandamiza kifua cha mtu mzima wa afya kunaweza kumuumiza.

Mpangilio tunaofundisha ni mfupi. Hakikisha mahali ni salama kwako. Mwite mgonjwa kwa sauti na umtikise mabega. Asipoitika, paza sauti ya kuomba msaada, inua kidevu chake, kisha tazama kifua na usikilize pumzi kwa muda usiozidi sekunde 10. Hapa msisitizo unahitajika, kwa sababu mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuendelea kutoa pumzi za kukoroma, moja moja na za mbalimbali, na watazamaji wakasema "bado anapumua" huku dakika zikipita. Pumzi za namna hiyo zihesabiwe kuwa si pumzi. Anza: weka kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyosha viwiko, na ukandamize kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Baada ya mikandamizo 30, puliza pumzi 2, kisha endelea. Kila dakika 2 mtu mwingine apokee, kwa kuwa mikono huchoka mapema kuliko mwenye mikono anavyodhani.

Kuna jambo dogo la kuhesabu ambalo limetusaidia sana. Kwa mwendo wa karibu mikandamizo miwili kwa sekunde, mwanafunzi hawezi kutamka "ishirini na saba" kwa wakati. Ama atapunguza kasi, ama atapotea. Kwa hiyo tunahesabu moja hadi kumi mara tatu, darasa zima kwa sauti, huku mwanafunzi mmoja akipiga ngoma ya bendi ya shule kwa kufuata mdundo uliowekwa kwenye simu. Baada ya muda mdundo hukaa mwilini, na ngoma inaweza kunyamaza.

Kuhusu kupuliza pumzi, wanafunzi huuliza maswali ya haki juu ya kifua kikuu na magonjwa mengine, nayo yajibiwe bila kuwaaibisha. Mtu mzima aliyeanguka ghafla bado ana oksijeni ndani ya damu yake, hivyo asiyeweza au asiyetaka kupuliza akandamize tu, na atakuwa amefanya jambo kubwa. Aliyezama ni tofauti: moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, na hewa ndiyo anayoihitaji kwanza. Kwa huyo tunaanza na pumzi 5, kisha 30 kwa 2. Kwa shule za kando ya ziwa au bahari, kuliacha jambo hili ni kuacha kiini cha mafunzo. Liambatane na onyo ambalo tunalirudia mara nyingi kuliko yote, kwamba asiyejua kuokoa majini asijitose. Arushe dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kamba, au anyooshe mti, na apige kelele. Mara nyingi anayejitosa bila maarifa huwa ni maiti ya pili.

Wasichana wengi hukaa nyuma siku ya kwanza, na sababu yake si uvivu. Huwezi kupiga magoti na kuinama kwa bidii ukiwa umevaa sketi mbele ya wavulana. Waambieni mapema waje na traki suti, wale wanaovaa hijabu waje nayo kama kawaida, na makundi ya kwanza yawe ya jinsia moja. Baada ya aibu kuisha wasichana hukandamiza kwa mpangilio mzuri sana. Semeni wazi pia kwamba kuweka mkono juu ya kifua cha mwanamke anayekufa si utovu wa heshima. Jambo hili lisiposemwa, mwanamke atakosa msaada ambao mwanamume angeupata.

Baada ya mikono, fundisheni mgawanyo wa kazi, kwa sababu gari la wagonjwa halifiki kila mahali kwa dakika chache na CPR peke yake haimalizi safari. Mmoja akandamize, mmoja akimbie kwa matroni au patroni, mmoja apige simu kituo cha afya kilicho karibu, mmoja atafute gari, na mmoja awazuie watu wasizingire. Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji zibandikwe bwenini pamoja na namba ya zahanati ya kata. Mtaulizwa kuhusu fomu ya PF3, maana vijana wamesikia kwamba anayemgusa majeruhi wa ajali hujiingiza matatani. Wajibuni kwamba fomu hiyo ni ya polisi na hospitali, na kazi ya aliyepo eneo la tukio ni kubana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia na kutomkunja majeruhi ili atoshe juu ya pikipiki.

Jiandaeni pia kwa machozi. Siku moja, wenzake walipokuwa wakirudisha mabegi stoo, mwanafunzi alinifuata na kuniuliza kama mdogo wake aliyezama angepona endapo yeye angeyajua haya wakati ule. Nilimweleza ukweli, kwamba hata madaktari wenye vifaa vyote hawawarudishi wengi, na kwamba mtoto wa umri aliokuwa nao hakuwa na deni kwa mtu yeyote. Tuliketi hadi kengele ya chakula. Tangu hapo kila somo la CPR kwetu huanza kwa maneno hayo, kabla ya mtu kugusa begi, ili asiwepo anayetoka darasani akiwa amebeba lawama ambayo si yake.

Mkuu wa shule atawauliza muda utatoka wapi, wakati mitihani haingoji. Ombeni saa mbili kwa mwaka kwa kila kidato. Kiwango hicho si cha kubuni: mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono tamko linalopendekeza saa mbili za mafunzo ya CPR kila mwaka kwa wanafunzi kuanzia umri wa miaka 12, na Denmaki iliyaweka mafunzo hayo kwenye sheria mwaka 2005. Saa hizo zipangeni Januari au Februari, kabla ya majaribio kuanza, ndani ya kipindi cha michezo ambapo tayari wanafunzi wamevaa nguo zinazofaa. Ombeni mkufunzi kutoka tawi la Msalaba Mwekundu la mkoa au muuguzi wa kituo cha afya aje awasahihishe mikono, nanyi walimu mpige magoti pamoja na wanafunzi.