Tairi la Ndani Lilivyonila Mshahara

Juzi mdogo wangu mmoja wa Makambako kaniandikia: "Kaka, nimepata lori langu la kwanza na tela lake. Ninunue matairi gani?" Nikamuuliza, geji ya kupimia upepo unayo? Akacheka.

Na mimi nilikuwa nacheka hivyohivyo. Matairi nilikuwa nayagonga kwa nyundo, likilia "du!" najua upepo upo. Kumbe tairi lenye upepo wa psi 120 (psi ndiyo kipimo cha upepo) na la psi 80 kwa nyundo yanalia karibu sawa! Siku hiyo natoka Dar na tani 28 za mbolea, safari ya Tunduma. Matairi 22, yote nimeyagonga. Kwenye tela matairi yanafungwa mawilimawili kila upande, mapacha, la nje na la ndani. Moja la ndani, ekseli ya mwisho, lilikuwa na tabia ya kulegea, na valvu yake haifikiki bila kile kimrija cha kurefushia, ambacho kilishapotea. Nikasema nitakinunua Morogoro. Morogoro nikapita.

Saa kumi jioni, ndani ya hifadhi ya Mikumi, likalia kama bomu. Pale tembo wanakatiza barabara, nikaona nijikongoje nitoke kwanza hifadhini. Ujinga mtupu. Pacha wake, aliyeachiwa mzigo wa wawili, hakufika mbali. Tingo akashuka na chupa ya maji, akamwagia rimu, yakachemka "chwaaa" palepale.

Tajiri akayakata yote mawili kwenye mshahara wangu. Kosa langu, sawa. Lakini kile kimrija nilimwomba mara mbili, na bei yake haifiki sahani ya wali kuku. Kama anasoma hapa, asome vizuri.

Sasa sikilizeni, nyie mnaoota kumiliki malori kumi. Pima alfajiri, gari halijatembea. Likishatembea, joto linapandisha upepo na geji itasoma juu. Ukiupunguza hapo, kesho unaondoka na tairi limelegea. Kiasi angalia jedwali la mtengenezaji kwa uzito unaobeba, na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi usiivuke. Mapacha walingane. Anza na la ndani. Nimeshasema la ndani? La ndani! Redio ya laki tatu mnanunua, geji mnaazima.

Leo asubuhi yule wa Makambako kanitumia picha: geji mpya, imechomekwa tairi la mbele. Nimemwambia ainame, anipigie picha la ndani.