Kindi wanaofukua mbegu za mahindi: jinsi ya kuwatega

Pole sana, dada. Kupanda mistari yote halafu asubuhi ukute vishimo vitupu, inauma. Umesema umeweka mtego wa tundu la waya wenye karanga siku tatu na hakuna kindi aliyeingia. Karanga si tatizo. Tatizo ni kwamba tundu bado ni kitu kigeni kwake.

Acha mlango wazi, uufunge kwa kamba usianguke. Mwaga karanga chache mlangoni na nyingine ndani, siku tatu au nne, mpaka uone zinaliwa zote. Hapo ndipo utege. Chambo kikae nyuma kabisa, ng'ambo ya kibao ambacho kindi akikikanyaga mlango huanguka. Mimi hupaka siagi ya karanga kwenye gunzi na kulifunga kwa waya, asije akanyakua na kutoka. Tundu liwe karibu na shimo lake, kivulini, sakafu imefunikwa udongo kidogo.

Kindi huyu wa ardhini hutembea mchana tu. Tega asubuhi, kagua kila baada ya saa moja au mbili maana joto humuua haraka, na jioni funga mlango, la sivyo utanasa paka wa jirani. Vaa glavu nene, anauma vibaya.

Sumu, tafadhali usiweke. Kuku wataila, na mbwa akila mzoga naye anaweza kufa. Kabla ya kumwachilia popote, ulizia ofisi ya wanyamapori. Na msimu ujao anza kutega wiki mbili kabla ya kupanda.