Umemaliza PCB, unataka MD, na una mchumba: hesabu za kupiga kabla ya kuthibitisha chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) huwa na maswali mawili. La kwanza hulipeleka kwa wajomba na walimu: nisome MD, yaani shahada ya udaktari, au kozi nyingine? La pili hulipeleka kwa marafiki usiku: huyu mwenzangu atanisubiri? Kila moja linapata jibu lake, na majibu hayo hayakutani hadi mwaka wa tatu wa chuo, mambo yakiwa yameshaharibika. Kwa maoni yangu hayo ni swali moja. Yote yanategemea utakuwa mkoa gani, mwaka gani, na unaishi kwa fedha ya nani.

Chukua karatasi, chora safu mbili. Ya kwanza yako. Ukianza MD na miaka 20, darasani na wodini ni miaka 5, unatoka na 25. Utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo, ni mwaka 1, unafika 26. Mbele ya utarajali usiandike "kazi", andika "kusubiri", na uache nafasi ya mwaka mmoja hadi miwili. Ubingwa, kwa maana ya MMed, aghalabu ni miaka 3 mingine, na wengi huuanza baada ya kufanya kazi kidogo, kwa hiyo tayari umevuka 30. Safu ya pili ni ya mwenzako: anamaliza lini, kazi yake inapatikana wapi, wazee wa kwao wanataka mahari ipelekwe mwaka gani. Panapogongana ndipo pa kuzungumza. Wakishindwa kuijaza karatasi hiyo pamoja kwa saa moja, wawili hao bado hawajafika kwenye uchumba.

Mstari unaokosewa na karibu kila mtu ni ule wa kusubiri. Wazee wetu walizoea daktari kutoka chuoni moja kwa moja hadi kituo cha kazi. Siku hizi ukimaliza utarajali na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, unasubiri serikali itangaze nafasi, unaomba kwenye mfumo wa ajira, na huku nyuma unashika zamu za kulipwa kwa siku katika hospitali binafsi na zahanati. Ni maisha yanayowezekana, ila hayabebi harusi ya watu 300 wala ada ya mdogo wako kwa wakati mmoja. Mwambie mchumba mapema, na mama pia.

Sasa alama zako. Hapa kuna mkanganyiko unaowafanya watu waombe kozi wasizostahili, au waache wanazostahili. NECTA (Baraza la Mitihani) na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) hawahesabu pointi kwa namna moja. Kwa NECTA, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, na jumla ndogo ndiyo nzuri. Kwa TCU ni kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mwenye C ya Kemia, C ya Biolojia na D ya Fizikia ana pointi 10 za NECTA, ambayo ni daraja la pili, lakini mbele ya TCU ana 8. Mwongozo wa TCU kwa MD umekuwa ukianzia D tatu katika masomo hayo, yaani pointi 6. Vigezo hubadilishwa, kwa hiyo soma toleo la mwaka wako mwenyewe, usisome la kaka yako. Na 6 hiyo inakupa haki ya kuomba tu. Muhimbili, KCMC na Bugando wanachukua kuanzia juu kushuka chini mpaka nafasi ziishe, na huwa zinaisha kabla ya kumfikia mwenye D tatu.

Mwenye 8 basi afanye nini? Mara nyingi ana njia tatu: MD katika chuo binafsi, kozi nyingine ya afya katika chuo cha umma, au stashahada ya utabibu. Watu huidharau njia ya mwisho, nami naitetea. Stashahada ya utabibu ni miaka 3, ukitoka unaweza kuanza kutibu wagonjwa na kupata kipato, na ukiwa na GPA nzuri (3.0 kwenda juu) unaruhusiwa kuomba MD baadaye. Ila kuna mtego mmoja. Anayeingia MD kwa stashahada huangaliwa pia cheti cha kidato cha nne: Hesabu, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza, kuanzia D. Ukiwa na F ya Hesabu, stashahada utaipata na utafanya kazi vizuri tu, lakini siku ukitaka MD mlango umefungwa na mtihani ulioufanya ukiwa na miaka 16. Kitoe cheti hicho kwenye bahasha leo ukitazame. F ikiwepo, rudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea mapema, kabla akili haijasahau logarithimu.

Famasi na uuguzi wa shahada ni miaka 4 na utarajali mwaka 1. Udaktari wa meno ni 5 kama MD. Asiyependa kuamshwa saa tisa usiku lakini anaipenda Kemia, famasi itamfaa kuliko MD, na haina maana kwamba ameshindwa.

Kuhusu kuogopa damu: si kigezo. Kuzirai mara ya kwanza mbele ya kidonda au maiti ni jambo la mwili, presha inashuka ghafla na damu inapungua kichwani. Kula asubuhi, usisimame umekaza magoti, ukihisi masikio yanavuma na jasho jembamba linakutoka, kaa chini hapo hapo sakafuni. Wengi hupoa baada ya wiki chache. Kigezo cha kweli ni kama unaweza kusoma kitu kirefu kisicho na msisimko, kila siku, kwa miaka. Jipime kabla ya kuomba: azima kitabu chochote cha anatomia, soma mkono kuanzia bega hadi vidole kwa siku 7, saa 2 kila siku, kisha chora mishipa ya fahamu ya bega bila kutazama. Ukichukia zoezi zima tangu siku ya pili, chukua taarifa hiyo kwa uzito.

Mwaka wa kwanza huangusha watu waliokuwa na A. Kidato cha sita walifaulu kwa kupiga mitihani ya nyuma ya NECTA hadi wakaijua sura; chuoni wanatafuta madesa (nakala za masomo na mitihani) ya mwaka jana wakidhani mchezo ni ule ule. Anatomia haikubali. Katika mtihani wa vitendo unapita meza kwa meza, kipini kimechomwa kwenye mshipa au msuli, una kama dakika moja kuandika jina lake na kinachoupa damu, kengele inalia, unasogea. Aliyesoma picha za kitabu peke yake anakwama, kwa sababu mshipa wa maiti iliyokaa kwenye fomalini ni wa rangi ya udongo kama vyote vilivyouzunguka. Dawa yake ni kurudi maabara na kushika, siku ile ile uliyofundishwa, halafu baada ya siku 3, halafu baada ya wiki. Piga msuli, yaani jisomee, na watu 3 au 4. Kundi la watu 10 linageuka baraza. Ukibeba sapu (mtihani wa marudio) moja, utainuka. Sapu zikizidi unarudia mwaka au unadisko, yaani unaondolewa chuo, na mwaka wa kurudia Bodi ya Mikopo haikufuati, kwa kuwa mkopo ni wa aliyefaulu kuendelea.

Tufike kwenye fedha, maana ndizo zinazovunja uchumba kuliko wivu. Chukua ada ya mwaka mmoja, zidisha mara 5, ongeza hosteli, koti jeupe, stetoskopu na kipimo cha presha. Ukipangiwa mkopo, usisome asilimia. Soma kiasi kwa shilingi, kisha kitoe kwenye ada ya chuo. Chuo binafsi huacha pengo linalojirudia mara tano. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, likiingia kwa mkupuo linadanganya macho. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kwa ajili ya Bodi. Kwenye mshahara wa msingi wa 1,000,000 ni 150,000, kabla hujahesabu kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii na bima. Mwenzako akiwa mnufaika naye, nyumba yenu inakatwa mara mbili.

Hapo ndipo anapoingia mchumba anayesema, "Usihangaike na Bodi, nitakusomesha mimi." Inawezekana anakupenda kweli. Lakini ada ya MD inalipwa kwa miaka 5, na mkigombana Novemba, usajili wa semista unakwama Novemba hiyo hiyo. Omba mkopo hata kama ameahidi. Fomu zinahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi), sahihi za serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo. Jina likitofautiana herufi moja na la cheti cha kidato cha nne, fomu inarudi. Akitaka kusaidia, alipie kodi ya chumba au chakula, vitu ambavyo vikikatika unaweza kuvumilia mwezi mmoja ukajipanga.

Kuishi pamoja nje ya hosteli nako kuna hesabu zake. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Mnachanga bumu mbili, mkataba unaandikwa jina moja, mwingine ananunua godoro na jiko la gesi. Mkiachana wiki ya nne, yule asiye na jina kwenye mkataba hana hosteli, maana vitanda viligawiwa mwanzoni mwa mwaka, na mitihani iko mbele. Kama mmeamua, majina yawe mawili kwenye mkataba, na kila mmoja abaki na fedha ya mwezi mmoja ambayo mwenzake haigusi.

Msichague chuo kwa sababu yupo huko. Chagua hospitali ambayo chuo kinafundishia: ina wagonjwa wa kutosha, na mnakuwa wanafunzi wangapi kwenye kitanda kimoja wakati wa raundi? Mkiwa 15, wa nyuma hasikii hata mapigo ya moyo. Umbali wa Mwanza na Dar unabebeka kama mmekubaliana saa za kupigiana. Kuanzia mwaka wa tatu, asubuhi ya raundi simu inakaa kimya hadi mchana, na wiki za mitihani ni ujumbe mmoja kwa siku. Mtu asiye wa kada ya afya haelewi hilo kwa kubahatisha. Mpe ratiba yako ya wodi kila mwanzo wa mzunguko. Na wawili mkiwa madaktari, jueni kwamba vituo vya utarajali hupangwa na wizara, mmoja anaweza kwenda Mtwara na mwingine Kagera.

Mimba haihitaji mahubiri, inahitaji mpango. Zahanati za serikali zina sindano ya miezi 3 na vijiti vya miaka 3 au 5; kondomu juu yake kwa sababu ya magonjwa; na vidonge vya dharura vinafanya kazi vizuri zaidi kadiri unavyoviwahi, ndani ya saa 72. Pimeni VVU wote wawili, siku moja, mkiwa pamoja. Mimba ikiingia, kinachoharibu masomo aghalabu ni kimya. Mwanafunzi anatoweka kwa aibu, chuo kinamhesabu mtoro wa mitihani, anafutwa. Barua ya kuahirisha mwaka iandikwe kabla ya mitihani, iambatane na cheti cha hospitali, nakala ibaki kwako ikiwa na muhuri wa mapokezi, na ofisa mikopo wa chuo ajulishwe ili malipo yasimame kihalali na yarejee ukirejea. Anayeweza kuchagua wakati, mwanya kati ya mwaka wa pili na wa tatu ni afadhali: umemaliza masomo ya msingi, na hujaanza kukatiza mizunguko ya wodi.

Jambo dogo la mwisho ambalo linagharimu watu chuo kizima. Maombi hufunguliwa wakati wengine wako kambini JKT, na ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa msimbo unaotumwa kwenye simu ndani ya siku chache. Tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na ukienda kambini iache pamoja na nywila kwa mama au dada. Usijaze namba ya mchumba. Mkinuniana wiki ya kuthibitisha, msimbo uko kwenye simu yake.